Diski ya terabaiti 3 iliyosoma 746

Binti mmoja mpiga video za harusi alikuja kibandani kwangu Area C na diski aliyoiviringisha kwenye kitenge kama mtu aliyebeba kichanga. Kasha la nje lililokuja na diski hiyo lilikuwa limelegea tundu la waya, ukiligusa kidogo mawasiliano yanakatika. Akaazima kasha kuukuu kwa mwenzake, akaihamishia diski humo, akachomeka. Kibandiko cha diski kinasema terabaiti 3. Kompyuta ikasema gigabaiti 746, na juu ya hilo ikamuuliza kama anataka kuifomati.

"Shikamoo fundi. Humu kuna sendofu na harusi za miezi minane. Imekufa?"

"Marahaba. Ulikubali kuifomati?"

"Thubutu! Nilichomoa, nikapanda bodaboda."

"Basi haijafa, mdogo wangu. Kaa."

Sikusema hivyo ili kumpoza. Namba 746 haikutoka hewani. Diski ya terabaiti 3 ina vitalu 5,860,533,168, kila kitalu baiti 512. Mafundi wengi husema bloku au sekta. Mimi nimezoea kitalu, ingawa najua mtu wa ardhi hapa Dodoma atanikosoa, maana kwao kitalu kina viwanja vingi ndani yake, na kwangu kitalu ndicho kiwanja chenyewe. Toa humo 4,294,967,296, vinabaki 1,565,565,872. Zidisha kwa 512, kisha gawanya jinsi Windows inavyogawanya ili kupata gigabaiti, yaani kwa 1,024 mara tatu, unaangukia 746. Hiyo namba iliyotolewa nayo si ya kubahatisha: ni 2 ikipandishwa kipeo cha 32, yaani hesabu ya namba zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1, na nane hufanya baiti). Diski ya terabaiti 4 ikipita njia hiyohiyo husoma terabaiti 1.64 badala ya 3.64. Fundi akiona 746 au 1.64 hahitaji kushika bisibisi. Anajua tayari kwamba kuna mahali namba ndefu imeshindiliwa kwenye nafasi fupi.

Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Agosti, nchi nzima ilipita kwenye zoezi la Anwani za Makazi, na hadi leo vibao vya namba viko kwenye mageti yetu. Tuseme karani wa zoezi kama lile angepewa fomu yenye visanduku vinne tu vya namba ya nyumba, halafu afike kwenye nyumba namba 12,345. Anaweza kukataa kujaza na kusema fomu hii haifai. Anaweza kujaza 9999, kwa makubaliano kwamba 9999 maana yake ni "imezidi, niulize kwa fomu ndefu". Au anaweza kuandika 2345, akafunga daftari na kwenda kunywa chai. Wa kwanza anakera, wa pili ana akili. Wa tatu ndiye janga, kwa sababu nyumba namba 2345 ipo, ina watu wake, na mzigo usio wao utapokelewa vizuri tu.

Kwenye kompyuta fomu hizo zinaitwa amri. Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, hauigusi diski moja kwa moja. Unaitumia amri, na amri ni baiti chache zenye mpangilio uliokubaliwa. Baiti ya kwanza inataja ni amri gani, zinazofuata zinasema anzia kitalu namba ngapi na uchukue vingapi. Kwa diski za USB, na kwa diski nyingi za seva, lugha ya amri hizi ni SCSI, ambayo mafundi huitamka skazi. Kiwango chake cha kwanza kilipitishwa Marekani mwaka 1986, na maneno yake ya mwanzo bado yanatumika ndani ya vifaa tunavyonunua leo.

Amri fupi kuliko zote za kusoma ina baiti 6, na humo namba ya kitalu imepewa biti 21. Biti 21 ni vitalu 2,097,152, sawasawa na gigabaiti 1. Kwa kompyuta za miaka ile ilikuwa kama kumpa mtu ranchi nzima ya Kongwa afugie mbuzi wawili. Juu yake kuna amri ya baiti 10 yenye biti 32 za namba ya kitalu, na hapo ndipo ukuta wa terabaiti 2 ulipo: baiti 2,199,023,255,552, haizidi hata moja. Ipo pia ya baiti 12, ambayo huwadanganya wanafunzi. Ni ndefu zaidi, lakini namba ya kitalu imebaki biti 32. Kilichopanuliwa ni idadi ya vitalu unavyoweza kuomba kwa mkupuo. Ya baiti 16 ndiyo iliyotatua tatizo, kwa kuwa inatenga biti 64 kwa namba ya kitalu. Hizo hazitajaa hata tukirekodi harusi zote za Dodoma na za Singida tukaongeza na vikao vya kamati.

Kifaa hakihitaji kuambiwa fomu ina urefu gani. Biti tatu za juu za baiti ya kwanza zinatosha kuonyesha kundi la amri, na kila kundi lina urefu wake. Huo ni ufundi mzuri wa watu wa zamani. Mahali walipoteleza, kwa maoni yangu, ni kwenye maana ya sifuri. Kwenye amri ya baiti 6, ukiandika 0 pale penye idadi ya vitalu, unamaanisha 256. Kwenye ya baiti 10, 0 ni 0, hakisomwi kitu. Mwandishi wa draiva, programu inayoongea na kifaa, anayebadili amri moja kuwa nyingine kwa kunakili namba tu atapata kosa ambalo halionekani hadi siku mtu aombe vitalu 256 kamili.

Kabla ya kusoma chochote, mfumo endeshi lazima ujue diski ina ukubwa gani. Nalo hilo ni swali lenye fomu mbili. Swali fupi lina baiti 10 na jibu lake ni baiti 8: nne za namba ya kitalu cha mwisho, nne za ukubwa wa kitalu kimoja. Swali refu lina baiti 16 na jibu la baiti 32, ambamo namba ya kitalu cha mwisho imepewa baiti 8 kamili na panabaki nafasi ya habari nyingine. Kiwango kinasema wazi: ukiulizwa kwa swali fupi na ukubwa wako hauenei, jibu namba kubwa kuliko zote, biti zote 32 zikiwa moja. Huyo ni karani wa pili na 9999 yake. Mfumo endeshi ukiiona namba hiyo unajua la kufanya. Linux, kwa mfano, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kifaa ni kikubwa sana na sasa inajaribu swali la baiti 16.

Kama kila mtengenezaji angefuata kiwango, makala yangeishia hapa.

Anza na jambo dogo kabisa. Swali linauliza kitalu cha mwisho ni namba ngapi, haliulizi vitalu viko vingapi. Kwa kuwa hesabu inaanzia 0, diski yenye vitalu 1,000 inatakiwa kujibu 999. Wapo waliotengeneza vifaa vinavyojibu 1,000, na mfumo endeshi ukajumlisha moja yake na kuamini kuna kitalu ambacho hakipo. Mtu angeweza kusema kitalu kimoja cha baiti 512 si cha kugombania. Lakini jedwali la kisasa la kugawa diski huweka nakala yake ya akiba kwenye kitalu cha mwisho kabisa, kwa hiyo mfumo endeshi hukiendea kitalu hicho mapema tu, na vifaa vingine vikiombwa kitalu kisichokuwapo havikatai, vinaganda. Ndani ya Linux kuna orodha ya vifaa vya USB vinavyojulikana kwa kosa hili, na kila kimoja kikichomekwa, jibu lake linapunguzwa moja. Kuna hata vifaa ambavyo toleo moja husema kweli na jingine hukosea huku yote mawili yana jina lilelile. Kwa hivyo kerneli, yaani kiini cha Linux, imefundishwa kukisia: jibu likitoa idadi ya vitalu isiyogawanyika kwa mbili, lipunguzwe moja. Nilipokutana na hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni akili ya mpima mahindi sokoni anayejua debe la nani lina bonde.

Swali gumu zaidi ni la mpangilio: uanze na swali fupi au refu? Mtu wa nje angesema uliza refu siku zote, kwani linabeba kila kitu. Na kiwango kinaruhusu. Kifaa kisicholijua kinatakiwa kukataa kwa adabu, kirudishe taarifa kwamba ombi si halali na amri hiyo haitambui. Mfumo endeshi ungepokea kukataliwa huko, ungeuliza tena kwa fomu fupi, na mwenye kompyuta asingejua kwamba kuna lolote lililotokea. Huyo ni karani wa kwanza, na mimi namheshimu.

Tatizo ni kwamba chipu nyingi za bei nafuu zinazowekwa ndani ya vifaa vya USB hazikupimwa kwa amri zisizozijua. Aliyezitengeneza alizipima kwa amri zilizotumwa na Windows ya wakati huo, zikafanya kazi, zikasafirishwa kwa makontena. Zikipokea amri ya baiti 16 hazisemi ndiyo wala hapana. Zinanyamaza, kompyuta inasubiri, inazizima na kuziwasha, inauliza tena, zinanyamaza tena. Ndiyo maana Linux, ikikutana na kifaa cha USB, huanza na swali fupi. Kwa diski za SCSI zenyewe hufanya kinyume: kifaa kikijitambulisha kuwa ni cha kizazi kipya cha kutosha, kinaulizwa kwa fomu ndefu moja kwa moja.

Kuanza na swali fupi kungekuwa salama kabisa kama kila kifaa kikubwa kingejibu kile kinachotakiwa, biti zote zikiwa moja. Lakini ndani ya kerneli ya Linux kuna maelezo yaliyoachwa na waandishi wake, kwamba baadhi ya makasha ya USB 3.0 hujibu swali fupi kwa kutoa baki baada ya kuondoa terabaiti 2. Yaani karani wa tatu. Kasha linajua diski ni kubwa, likiulizwa kwa fomu ndefu linasema ukweli wote, lakini likiulizwa kwa fomu fupi linakata tarakimu za mbele na kukupa 746 bila haya. Mfumo endeshi hauna njia ya kushuku, kwa sababu 746 ni ukubwa halali. Dawa iliyopatikana ni orodha nyingine: makasha haya yanayojulikana yaulizwe kwa fomu ndefu kwanza. Pembeni yake kuna orodha ya kinyume chake, ya vifaa ambavyo fomu ndefu ni marufuku kuvifikia.

Halafu kuna visomea kadi. Baadhi yake, visipokuwa na kadi ndani, vinapoulizwa ukubwa hujibu biti zote 32 zikiwa moja. Kwa kiwango, jibu hilo maana yake ni "mimi ni mkubwa kuliko fomu yako". Kwao maana yake ni "sina kitu". Neno moja, na linabeba utupu na ukubwa usio na kifani kwa pamoja. Kerneli imelazimika kuweka kanuni: kama kifaa hiki kimo kwenye orodha ya wasioulizwa kwa fomu ndefu, na kimejibu namba ile, basi chukulia ni sifuri.

Wapo wanaoziona orodha hizi kuwa uchafu. Wanasema mfumo endeshi mzuri ungefuata kiwango na kumwachia mtengenezaji aibu yake. Sikubaliani nao. Mtu aliyechomeka diski yake pale Nzuguni hamjui mtengenezaji wa chipu. Anaijua kompyuta, na ikikataa atasema kompyuta mbovu. Orodha ya vigeugeu ni kumbukumbu ya kijiji, kama vile kila kijiji kinavyojua nani ukimkopesha jembe hulioni tena.

Ukubwa ukishajulikana, kuchagua amri ya kusoma na kuandika ni rahisi zaidi. Diski ikifika vitalu 4,294,967,296, Linux hutumia amri ya baiti 16 kwa kila kitu, hata kwa kitalu namba 0. Isipofika, hutumia ya baiti 10, na kifaa kizee kikiikataa, inashuka hadi ya baiti 6. Angalia kwamba ngazi ya kushuka ina kikomo. Kutoka 10 kwenda 6 unaweza kushuka kwa diski ndogo bila kupoteza namba. Kutoka 16 kwenda 10 kwa diski ya terabaiti 3 huruhusiwi kujaribu, hata kifaa kikikataa, kwa sababu namba ya kitalu haitaenea na utakuwa umejigeuza karani wa tatu wewe mwenyewe. Ni heri diski isisomeke.

Hili la kuogopa kukata namba lina historia yake, na si ya SCSI. Diski za ndani za kompyuta zetu zinaongea ATA, na ATA kwa muda mrefu ilikuwa na biti 28 za namba ya kitalu. Hesabu yake ni baiti 137,438,953,472, ukuta uliojulikana kama wa gigabaiti 137. Kiwango cha ATA cha sita, mwaka 2002, kilileta biti 48, na namna kilivyozileta inanifurahisha hadi leo. Hawakuongeza visanduku vipya. Waliacha vilevile, wakasema vijazwe mara mbili: kwanza nusu ya juu ya namba, kisha nusu ya chini, na diski ikumbuke zote mbili. Diski inayojua mtindo huo inajitangaza kwa biti moja kwenye taarifa yake ya utambulisho, na inaandika ukubwa wake mara mbili, mahali pa zamani kwa fomu fupi na mahali papya kwa fomu ndefu.

Windows XP ilipotoka mara ya kwanza haikuwa na habari hiyo. Uwezo huo ulikuja na kifurushi chake cha kwanza cha maboresho. Na hatari ilikuwa hii: kukiwa na kiungo kimoja kinachokata biti za juu, kuandika kwenye kitalu cha kwanza baada ya ukuta ni kuandika kitalu namba 0. Kitalu namba 0 ndiko linakokaa jedwali linalosema diski imegawanywaje. Kwa wiki kadhaa unajaza mafaili bila shida, siku unapovuka ukuta, faili moja la video linaandikwa juu ya mlango wa nyumba nzima. Kusoma kulikokatwa kunakupa takataka na unashtuka. Kuandika kulikokatwa kunakupa ujumbe kwamba kazi imekamilika.

Wauza flashi bandia wanajua hesabu hii vizuri. Ile flashi ya terabaiti 2 inayouzwa barabarani kwa bei ya kilo mbili za nyama ina kumbukumbu ndogo tu ndani, na chipu iliyofundishwa kujibu ukubwa wa uongo. Ukivuka ukubwa wake wa kweli, nyingine huzungusha namba na kuandika juu ya vya mwanzo, nyingine hutupa tu unachoandika. Majina ya mafaili yataonekana yote. Kuipima, ijaze hadi pomoni kisha usome kila kitu ulichoandika na ulinganishe; programu iitwayo F3 hufanya kazi hiyo.

Turudi kwa binti na diski yake. Kasha la nje si plastiki na waya tu. Ndani mna chipu ya daraja: upande mmoja inapokea amri za SCSI kupitia USB, upande wa pili inazitafsiri kuwa ATA na kuzipeleka kwenye diski. Diski yake ilikuwa inajua biti 48, Windows yake ilikuwa inajua biti 64, na katikati yupo mkalimani wa biti 32. Kuanzia programu ya kuhariri video, ukapita mfumo wa mafaili, kerneli, draiva ya USB, daraja, hadi kwenye sahani inayozunguka, chembamba kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Nikamwambia dawa ni kubadili kasha. Nilikuwa nalo jipya. Nikaitoa diski, nikaifuta vumbi, maana Agosti ya Dodoma haibishi hodi, nikaiweka humo na kuchomeka. Gigabaiti 2,794. Hiyo ndiyo terabaiti 3 kwa hesabu ya Windows, na binti akapiga vigelegele vya chinichini. Kisha Windows ikauliza tena kama tunataka kuifomati.

Nakiri kwamba hapo jasho lilinitoka. Nikafungua picha ya mgawanyo wa diski na kuona sehemu moja tu ya gigabaiti 349, haina mfumo wa mafaili unaotambulika, na iliyobaki yote tupu. Ile 349 nilikuwa nimeiona tangu kwenye kasha kuukuu, ila sikuitia maanani kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye 746. Gawanya 2,794 kwa 349. Unapata 8.

Jedwali la zamani la kugawa diski, lile la MBR, nalo huandika namba za vitalu kwa biti 32, kwa hiyo lina ukuta uleule wa terabaiti 2. Jedwali jipya, GPT, lina biti 64, lakini Windows XP ya biti 32 haikulielewa. Diski za terabaiti 3 zilipoingia sokoni mwaka 2010, XP ilikuwa bado kwenye kompyuta za watu wengi, nao watengenezaji wa makasha wakabuni hila. Kama namba za vitalu haziwezi kuongezeka, kuza kitalu. Daraja lao liliiambia kompyuta kwamba kila kitalu kina baiti 4,096, likawa linakusanya vitalu vinane vya diski na kuviita kimoja. Biti zilezile 32 sasa zinafika terabaiti 16, na XP ikaridhika na jedwali lake la zamani.

Ni hila safi, na kwa mwenye kasha haina shida yoyote hadi siku kasha linapoharibika. Kila namba kwenye jedwali la diski ile iliandikwa kwa kipimo cha 4,096. Ukiitoa na kuiweka kwenye kasha linalopima kwa 512, kompyuta inasoma namba zilezile kwa rula fupi mara nane: sehemu inaonekana moja ya nane ya ukubwa wake, na mwanzo wake unatafutwa mahali ambapo hapana kitu. Kasha la awali la binti lilikuwa la aina hiyo. Kwa hiyo diski yake ilikuwa imepigwa mara mbili kwa siku moja, kwanza na kasha lisilojua kuhesabu mbali, kisha na kasha linalojua kuhesabu ila kwa kipimo kingine.

"Fundi, mbona umenyamaza?"

"Nahesabu."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchomelea upya tundu la kasha lake la awali, kazi ya nusu saa kama shaba ya ubao haijang'oka. Yake ilikuwa imeng'oka. Ya pili ni Linux. Huko kuna programu ndogo, losetup, ambayo unaweza kuiambia iichukue diski nzima kama faili moja na kuionyesha kwa kerneli upya, mara hii kwa vitalu vya baiti 4,096, kwa kusoma tu bila ruhusa ya kuandika. Hakuna kinachobadilishwa kwenye diski yenyewe. Kerneli inalisoma jedwali kwa rula ndefu, na sehemu ya gigabaiti 349 inarudi kuwa 2,794.

Mafaili yakaonekana. Folda ya kwanza ilikuwa na jina la bwana harusi na bibi harusi, ya pili vilevile, zikaendelea kushuka hadi chini ya kioo. Nilimfungulia video moja ili aamini: mama mmoja kwenye ukumbi akicheza na sahani ya keki kichwani. Binti akacheka, akafuta macho kwa kitenge kilekile cha diski.

Kunakili kulichukua sehemu kubwa ya mchana, kwenda kwenye diski mpya niliyoigawa kwa GPT na vitalu vya kawaida, ili siku ikihamishwa kasha isilete hadithi nyingine. Jioni aliporudi aliuliza habari za kasha la kuazima.

"Hili nimrudishie mwenyewe au nilitupe?"

"Mrudishie. Kwa diski ndogo ni zima kabisa."

Nikachukua kalamu ya wino mzito na kuandika ubavuni mwake: MWISHO TB 2.